Ukaguzi wa nyumba kambini: mkubwa aingie hadi wapi?

LuteniWaLushi
Jumapili, saa 3:10 usiku

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, jambo sana. Mimi ni luteni, naongoza peloton moja, kikosi kidogo cha askari, hapa Lubumbashi (Lushi), Kongo. Kambi siitaji, na naomba asitokee mtu wa kuibashiri. Kuna jambo limenikaa kifuani wiki ya pili sasa.

Tuliamshwa usiku. Ukaguzi wa nyumba, saa kumi kamili. Sababu ilikuwa nzito: risasi zinatoka kambini zinauzwa mjini, na wezi wa usiku wanazitumia kwa raia. Sikuona ubaya wowote. Nikachukua tochi, nikafuatana na mkubwa.

Nyumba ya kwanza ni ya koplo wangu. Ni zile nyumba za matofali za zamani: vyumba viwili, familia mbili, katikati pazia la kitenge. Hodi haikupigwa. Mlango ulisukumwa kwa buti, pazia likavutwa, na nyuma yake alikuwa mke wa koplo ananyonyesha mtoto wa siku ishirini. Mwenye tochi nilikuwa mimi. Mwanga ulimpiga kifuani. Hakupiga kelele, aligeukia ukuta, akamfunika mtoto kichwa. Koplo alisimama wima, mikono ubavuni, amevaa bukta tu, macho ameyapitisha juu ya kofia yangu. Sanduku lao la bati likamwagwa chini: nepi, karatasi za kliniki, picha ya harusi. Akaamriwa kufungua simu, na meseji alizoandikiana na mkewe alipokuwa mstari wa mbele zikasomwa kwa sauti, askari wanne wanasikiliza. Risasi haikuonekana hata moja. Tukatoka bila neno.

Nyumba ya nne tulikuta bomu la mkono ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda wanacholalia watoto watatu. Pini ilikuwa imefungwa kwa waya wa umeme. Baba yao alirudi nalo kutoka vitani, akasema amekuwa akitafuta siku ya kulirudisha bila kuulizwa maswali, na siku hiyo haijaja. Mtoto mdogo, wa miaka minne hivi, aliniambia kwamba lile kopo ni la papa na wao hawaruhusiwi kulichezea.

Sasa mniambie. Siwezi kusema ukaguzi ni mbaya, maana usiku ule uliokoa watoto watatu. Na usiku uleule mke wa mtu alidhalilishwa mbele yangu, kwa mwanga wangu. Koplo ananipigia saluti safi kuliko zamani, lakini hanielezi kitu tena. Zamani alikuwa anapita jioni kuniambia nani anaumwa, nani amegombana na mkewe, nani amekopa asipoweza kulipa. Sasa ni "ndiyo, mkubwa" na basi.

Mkubwa aingie hadi wapi? Naomba mnijibu kwa uzito, nina peloton nzima ya kuongoza kesho.

---

SimbaKampemba
Jumapili, saa 3:42 usiku

Luteni, kambi ni kambi. Mimi ni raia, naishi Kampemba, na mlango wangu umevunjwa mara mbili na watu wenye silaha za vita. Silaha hizo hazioti shambani kama mihogo. Kama mkubwa angebisha na kusubiri mama afunge kitenge, lile bomu lingekuwa limetupwa chooni kabla hajaingia. Anayetaka pazia akapange nyumba mjini. Nakuonea huruma, lakini nahurumia zaidi wale wanaopigwa risasi usiku.

---

AjidaMstaafu_Katuba
Jumapili, saa 4:25 usiku

Luteni mwanangu. Nakuita mwanangu kwa umri, cheo chako nakiheshimu.

Nilivaa buti tangu enzi za FAZ, jeshi la Zaire, na nimekagua nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Simba ana haki ya kuogopa. Tarehe 4 Machi 2012, Jumapili asubuhi, ghala la silaha la kambi ya Mpila, Brazzaville, lililipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, mtaa mzima ukalala, na ng'ambo ya mto, Kinshasa, vioo vya madirisha vilivunjika. Bata, Guinea ya Ikweta, tarehe 7 Machi 2021, tena Jumapili, tena kambi: zaidi ya watu mia moja. Pale walikufa wake na watoto wa askari, watu wasiojua kilichokuwa kimefunikwa nyuma ya ukuta wao. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba nyumba ya askari ni kama nyumba ya mwalimu. Mkubwa ni lazima ajue kilichomo.

Lakini sikiliza nilivyofanya, ukione kama kinakufaa.

Nilikuwa nasimama hatua mbili kutoka mlangoni na kupiga hodi kwa jina. "Hodi kwa Sajini fulani! Ukaguzi!" Hodi ya kambini haina "karibu" wala "rudi kesho", wote tunajua, lakini inampa mama nafasi ya kujifunga nguo na kumbeba mtoto. Ukihesabu taratibu hadi thelathini, hakuna atakayechimba shimo la kufukia bunduki. Mbele ya dirisha na mlango wa nyuma nilikuwa nimeshaweka askari, wamegeuzia nyumba mgongo. Wanatazama nje. Atakayetupa kitu, wataona kikitua. Hilo ndilo jibu langu kwa Simba.

Mama na watoto wanatoka kwanza, wanakaa kwenye benchi pale tutakapowaona na wao watuone. Kisha mwenye nyumba mwenyewe anafungua sanduku lake na kupanga vitu kitandani. Mimi mikono yangu iko nyuma. Luteni, shika hili: mikono nyuma. Sikuwahi kugusa nguo ya mke wa askari. Nikishuku kitu, nasema "inua hicho", anainua yeye.

Na kulikuwa na kitu kingine nilichokitafuta kuliko risasi. Unaijua baridi yetu ya Juni na Julai, usiku vidole vinakufa ganzi. Watu wanaingiza mbabula, jiko la makaa, ndani, wanaziba dirisha kwa nguo, wanalala. Hewa ya sumu ya makaa huioni wala husikii harufu yake. Mwaka mmoja, Julai, nilipita alfajiri kwenye nyumba ya askari wangu, nikapiga hodi, kimya. Nikaona tambara limesukumwa kwenye upenyo wa dirisha. Siku ile sikuhesabu hata mbili, nilivunja mlango. Watu watano walikuwa wamelala, midomo imebadilika rangi. Tukawaburuta nje kwenye umande. Wote wako hai, binti mkubwa ameolewa Likasi.

Yule askari hajawahi kuniuliza kwa nini nilivunja mlango wake. Alijua kwamba siku nyingine zote nilikuwa napiga hodi.

---

MamaWaSafuYaTatu
Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Nimesoma usiku, nikashindwa kulala. Naandika kabla sijaenda sokoni.

Mimi ni mke wa askari, miaka kumi na nne kambini, kambi tatu. Luteni, asante kwa kusema tochi ilikuwa mkononi mwako. Wengine wanasema "ilitokea".

Watu wanazungumza habari ya askari na mkubwa wake kana kwamba ndani ya nyumba hamna mtu mwingine. Kiapo alikula mume wangu. Mimi nilifunga ndoa. Nikikosea nihukumiwe kama raia yeyote, lakini sijui ni cheo gani nilichopewa hata nisimamishwe wima na nguo ya kulalia.

Nitawaambia tunavyoishi. Pazia langu nalishona kwa vitenge viwili, kimoja ndani kimoja nje, ili taa ikiwaka kivuli kisionekane upande wa jirani. Nikitaka kuoga, binti yangu anashika pazia. Mume wangu akirudi kutoka operesheni tunanong'ona, maana jirani anasikia hata kikombe kikiwekwa chini. Siri yote tuliyobaki nayo ni upana wa kitambaa. Mkubwa anapokivuta, havuti kitambaa tu.

Jambo la pili. Paa letu linavuja juu ya kitanda cha watoto. Nimekaguliwa mara tatu tangu mvua za mwaka juzi. Kila mara kuna mtu ana daftari. Wa kwanza aliandika, wa pili akaandika, wa tatu aliinua sufuria niliyotegea maji, akatazama chini yake kama kuna kitu nimeficha, akairudisha. Paa bado linavuja. Sasa hebu niambieni, ukaguzi unakagua nini? Unakuja kutafuta makosa ya mume wangu, na makosa ya nyumba unayaruka kama dimbwi.

Tena karibu nasi yuko mjane, mumewe alianguka vitani, ana watoto wanne, anangoja karatasi za haki zake. Kila ukisikika ukaguzi anafunga mizigo, anaamini safari hii wamekuja kumtoa. Watoto wake wanajua kukunja godoro haraka kuliko mnavyokunja hema.

Ninachotaka ni kidogo. Mwanamke mmoja awemo kwenye kila ukaguzi. Jeshi lina wanawake, nawaona kwenye gwaride. Komeo la ndani kwenye mlango wangu. Na yule wa daftari arudi.

---

KadogoRuashi
Jumatatu, saa 6:15 mchana

Mama, heshima yako.

Mimi ni kapera, tunalala wanane kwenye chumba kimoja. Kwetu hakuna pazia. Nimezoea vitanda, nimezoea sanduku kufunguliwa, hiyo ni kazi niliyoichagua. Kilichonishinda ni simu. Mkubwa mmoja, sitamtaja, alichukua simu yangu akasoma nilivyomwandikia dada yangu kwamba naogopa kurudi mstari wa mbele. Kesho yake kwenye kuitwa majina akasema mbele ya kompani, "Yuko hapa anayeogopa." Hakunitaja, lakini wote waligeuka. Tangu siku hiyo simwandikii dada yangu chochote cha kweli. Namwambia niko salama, nimekula, basi.

Lakini nataka niseme na upande wa pili, maana Luteni ameomba uzito. Mwaka jana rafiki yangu alipewa chumba kidogo peke yake, kile cha zamani cha mtunza stoo. Tulimwonea wivu. Ijumaa jioni akajisikia homa, akafunga mlango. Jumamosi hatukuwa na kazi, Jumapili vilevile. Kila mmoja alidhani yuko mjini. Jumatatu jina lake limeitwa mara tatu, kimya, ndipo mlango ukafunguliwa. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, hajui jina lake. Alizinduka hospitalini siku ya tatu.

Siku mbili nzima hakuna mkubwa aliyegonga ule mlango hata mara moja. Kwa hiyo mimi siombi kuachwa. Naomba mkubwa aje, anitazame usoni, aniulize nimekula nini. Simu yangu aiache.

---

MwanaLushi_Texas
Jumatatu, saa 5:30 usiku (saa za Lushi)

Salamu kutoka mbali. Nimezaliwa Kamalondo, nimelelewa Lubumbashi, nikaja Marekani nikaingia jeshini huku. Nimelala miaka mitatu kwenye majengo ya makapera wa jeshi la Marekani, kwa hiyo naweza kuwaambia ya huku bila kuyapamba.

Huku askari wa vyeo vya chini asiye na ndoa anapangiwa kuishi kambini. Tangu 1995 walianza kujenga kwa mpango wa watu wawili: kila mmoja chumba chake cha kulala, bafu na jiko dogo wanachangia. Una ufunguo wako. Lakini mkubwa ana haki ya kuingia kukagua, wakati mwingine alfajiri na mbwa wa kunusa, na huhitaji kukubali.

Kilichonifundisha ni mpaka walioweka. Kwenye sheria zao za mahakama za kijeshi kuna kanuni ya ushahidi namba 313. Inasema ukaguzi ni wa kuhakikisha kikosi kiko tayari, kiko salama, kina nidhamu. Mkubwa akiingia hasa kwa nia ya kutafuta ushahidi wa kumfunga mtu, huo si ukaguzi tena, ni upekuzi, na upekuzi una masharti yake: lazima kuwe na sababu za msingi za kushuku, na anayetoa ruhusa asiwe na upande. Tena wameona mbali. Ukaguzi wa kutafuta silaha au vitu vya haramu ukifanyika papo hapo baada ya taarifa ya kosa na haukuwa umepangwa kabla, au wamechaguliwa watu fulani tu, au wengine wamechokolewa zaidi ya wenzao, basi mwendesha mashtaka ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, kwa ushahidi ulio wazi, kwamba ulikuwa ukaguzi wa kweli.

Luteni, jiulize usiku ule: kulikuwa na taarifa? Ndiyo. Ulikuwa umepangwa? Hapana. Nyumba zote zilikaguliwa sawa?

Na msidhani huku ni peponi. Mama amesema habari ya daftari, nikakumbuka. Septemba 2023, GAO, ofisi ya Bunge inayokagua serikali, ilitoa ripoti baada ya kutembelea kambi kumi. Walikuta ukungu kwenye kuta, maji machafu yanarudi juu, milango na madirisha mabovu, watu wasiohusika wamejiingiza kuishi kwenye vyumba vitupu. Mahali pengine askari ndio walioachiwa kusafisha chumba cha mwenzao aliyejiua. Nchi yenye fedha kuliko zote, na wakubwa waliokuwa wakiingia vyumbani kukagua kama kitanda kimetandikwa. Ukungu walikuwa wanauona. Kuuona na kuushughulikia ni mambo mawili.

---

WakiliKamalondo
Jumanne, saa 1:20 usiku

Ndugu wa Texas amegusa neno ambalo Kiswahili chetu kilishalitenga zamani. Kukagua ni kutazama kitu kama kiko sawa. Kupekua ni kazi ya kuku: anachakura, anatawanya, anatafuta punje. Usiku wa Luteni ulianza kwa jina la ukaguzi ukamalizika kwa kuku.

Sasa sheria yetu. Katiba ya Februari 18, 2006, ibara ya 29, inasema makazi ya mtu hayaingiliwi. Kuyapekua ni kwa namna na masharti ya sheria tu. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, barua na simu. Imeandikwa "kila mtu". Haikuandikwa "kila mtu asiyevaa sare". Kadogo, ile meseji kwa dada yako imo humo.

Mtu akishukiwa kosa, kama kuuza risasi, njia ipo. Sheria namba 023/2002 ya Novemba 18, 2002 imeweka mahakama za kijeshi na oditora, yaani ofisi ya mashtaka ya kijeshi, na maafisa wa upelelezi wa makosa wanaofanya kazi chini ya oditora. Mkubwa wa kikosi apeleke taarifa huko, upekuzi ufanywe na wenye kazi yao, kwa karatasi, na kinachochukuliwa kiandikwe. Faida yake si kwa askari pekee. Mwizi wa risasi anayekamatwa kwa fujo, wakili wake ataanza na fujo hiyo, na risasi zitasahaulika mezani. Simba, nakuomba ulifikirie hilo.

Na saa. Kanuni ya mwenendo wa makosa ya jinai ya 1959 inakataza upekuzi wa nyumba kuanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri au baada ya saa tatu usiku, ila kwa ruhusa ya jaji. Waliotunga walijua kwamba saa kumi usiku mtu hana nguo wala akili zake. Mke wa koplo ni raia. Sioni kwa nini ulinzi wa saa hiyo uishie kwenye kizuizi cha kambi.

Bomu la kwenye kopo ni habari nyingine. Kitu kinachoweza kuua watoto sasa hivi, unaingia sasa hivi. Ajida alivunja mlango Julai na angevunja tena, na hakuna wakili mwenye akili atakayemlaumu.

---

SimbaKampemba
Jumanne, saa 2:05 usiku

Wakili, nimesoma. Nina swali la dhati. Hao maafisa wa oditora wakijulikana wanakuja, habari zinavuja. Anayeuza risasi ana marafiki ofisini. Ndiyo maana wakubwa wanakwenda usiku bila kuambia mtu. Mnataka nini kifanyike?

---

AjidaMstaafu_Katuba
Jumanne, saa 2:40 usiku

Simba, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa nilichokiona. Risasi haianzi kupotea chini ya kitanda. Inaanza kupotea kwenye stoo, pale inapotolewa bila kuandikwa na kurudishwa bila kuhesabiwa. Nilipokuwa mtunza silaha, kila anayerudi doria alihesabu risasi zake mbele yangu, moja moja, kwenye blanketi, na tukaweka sahihi wote wawili. Zilizopungua alieleza palepale. Miezi ile hatukuwa na haja ya kuvuta pazia la mtu. Daftari la stoo likiwa chafu, utavunja milango yote ya kambi na risasi zitaendelea kutoka, maana zinatokea mkononi mwa mwenye ufunguo.

Hesabu hiyo haihitaji kujificha. Hata ikijulikana inakuja, risasi iliyokwisha kuuzwa hairudi kwenye blanketi.

---

Dada_Kigoma
Jumanne, saa 3:30 usiku

Naomba kupita, jirani yenu wa ng'ambo ya ziwa. Nilipitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania. Tulilala hanga moja wasichana wengi, vitanda vya juu na chini. Hanga letu lilikaguliwa na afande wa kike, na afande wa kiume akiwa na shida alisimama nje akapaza sauti. Hakuna aliyeona kwamba nidhamu imepungua. Yule mama alikuwa mkali, alijua hata nani anaficha biskuti kwenye soksi. Lakini alijua pia nani analia usiku, akawa anamwita pembeni asubuhi, mbali na wengine. Mama wa Safu ya Tatu, ulichoomba kinawezekana, nimekiishi.

---

MwanaLushi_Texas
Jumatano, saa 4:00 usiku

Kadogo, habari ya rafiki yako imenirudisha kwenye jambo la Uingereza ambalo tulifundishwa kwenye kozi ya uongozi. Kambi ya Deepcut, kusini mwa England. Kati ya 1995 na 2002 askari vijana wanne waliokuwa mafunzoni walikufa pale kwa risasi, kila mmoja kwa wakati wake. Familia zao zimepigania ukweli miaka mingi. Mwaka 2006 mwanasheria Nicholas Blake alitoa ripoti, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba vijana wengi sana waliachwa mikononi mwa wasimamizi wachache mno. Baada ya muda wa kazi, usiku na mwishoni mwa juma, hakukuwa na mtu mzima wa kutosha wa kujua nani yuko katika hali gani, nani anaonewa na nani. Alipendekeza awepo mtu nje ya safu ya amri wa kupokea malalamiko ya askari, na mwaka 2008 Uingereza ikaanzisha kamishna wa malalamiko ya wanajeshi.

Nalisema hili kwa sababu tukimaliza uzi huu na "wakubwa wakae mbali", tutakuwa tumewaacha wale vijana. Mlango uliofungwa unamficha pia anayempiga mwenzake, na anayekunywa peke yake.

Kinachonigusa ni kwamba koplo wa Luteni alikuwa anakuja jioni kwa miguu yake kueleza nani anaumwa. Ule ndio uangalizi ambao mkubwa hawezi kuupata kwa tochi. Usiku ule waliupoteza. Luteni, mimi ningeanza hapo.

---

MamaWaSafuYaTatu
Jumatano, saa 4:20 usiku

Aende nyumbani kwao. Aombe msamaha kwa mama, si kwa koplo peke yake. Na aende mchana.

---

LuteniWaLushi
Ijumaa, wiki tatu baadaye, saa 2:15 usiku

Nimechelewa kurudi, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilikwenda kwa koplo Jumapili mchana, na sabuni na nepi, kama mtu anayekwenda kuona mtoto, maana kweli sikuwa nimekwenda kumwona. Nilipiga hodi. Mama alitoka yeye, akaniwekea kiti nje chini ya mwembe, hakunikaribisha ndani na sikutegemea. Nilimwambia: tochi ile ilikuwa yangu, ningeweza kuizima, sikuizima, nisamehe. Alikaa kimya muda mrefu. Akaniuliza, "Ile barua ya simu, wale wanne waliosikia, bado wanaikumbuka?" Sikuwa na jibu. Nimewaita wote wanne, mmoja mmoja, nikawaambia kilichosomwa kilikuwa wizi na wao wasikibebe. Wawili walikuwa wameshajisikia vibaya bila mimi. Mtoto nilipewa nimshike.

Kwa wakubwa nilipeleka maombi kwa maandishi, kwa peloton yangu tu. Nimekubaliwa sehemu. Ukaguzi wa kawaida utakuwa mchana, kwa hodi ya Ajida, mikono nyuma, mwenye nyumba akifungua mwenyewe, na sajini mwanamke kutoka kompani ya pili akiwemo. Simu hazishikwi, akishukiwa mtu, taarifa inakwenda oditora. Ukaguzi wa ghafla wa usiku hawajaufuta, wamesema watauita wao wenyewe inapobidi. Nimekubali kwa sababu sina uwezo wa kukataa, lakini nimeomba nikiwepo niwe mimi wa kupiga hodi.

Na nilikumbuka maneno ya yule baba wa bomu, kwamba alitafuta siku ya kurudisha bila maswali. Nikaiomba siku hiyo. Jumamosi iliyopita, mtunza silaha alitandika blanketi nyuma ya stoo, hakuna kuandika majina, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Saa ya kwanza hakuja mtu. Kisha akaja mama mmoja na kapu la makaa, akatoa chini ya makaa magazini mbili za risasi, akasema amezikuta kwenye sanduku la marehemu mumewe na amekuwa akiogopa kuzigusa miaka miwili. Ni mjane, kama yule wa Mama. Baada yake walikuja wengine kumi na mmoja.

Daftari: nyumba 22, paa zinazovuja 9, nyaya za umeme zilizo wazi 6, milango isiyofunga kabisa 14. Nimeandika tarehe ya kurudi mbele ya kila moja, na mwenye nyumba ana nakala. Paa zinangoja bati kutoka juu. Milango nimeona naweza kuanza nayo mwenyewe. Askari wamechanga kidogo, na mimi nimeongeza. Naomba msaada: nani anajua fundi wa komeo za ndani, imara, zisizo ghali? Nahitaji 14.

---

MamaWaSafuYaTatu
Ijumaa, saa 2:31 usiku

Soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lushi, upande wa mafundi wa chuma. Usichukue zile nyembamba za kung'aa, zinapinda mwezi wa kwanza. Omba za chuma cheusi na misumari yake ya skrubu, na umwambie fundi unachukua 14 kwa mkupuo, atashusha. Jumamosi nitakuwa pale na biashara yangu, nikikuona nitakupeleka.

---

KadogoRuashi
Ijumaa, saa 2:50 usiku

Mkubwa, ukipata za ziada, hata moja, kile chumba cha rafiki yangu kiwekewe komeo linalofunguka na kwa nje pia.